Bastola ya Hewa: Mashindano ya Mita 10

Miongoni mwa michezo ya ridhaa, yaani ile inayochezwa kwa mapenzi bila kutegemea mshahara, ulengaji shabaha kwa bastola ni mmoja kati ya isiyofahamika vizuri, kwa sababu watu wengi wanaposikia bastola humfikiria askari au jambazi, ilhali mchezo huu ulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Athens mwaka 1896. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeifufua michezo hiyo, alikuwa yeye mwenyewe mlengaji wa bastola, na shirikisho la kimataifa linalousimamia mchezo huu, ambalo leo hujulikana kwa kifupi cha ISSF, lilianzishwa Zurich mwaka 1907. Kinachoshindaniwa si misuli wala ujasiri wa vita, bali ni uwezo wa mtu kuutuliza mwili wake na kulirudia tendo moja dogo mara kadhaa bila kulibadilisha.

Mashindano ya bastola yana matawi mengi. Katika shindano la kasi la mita 25 kwa wanaume, mlengaji hufyatua risasi 5 katika shabaha 5 zilizopangwa sambamba, kwanza ndani ya sekunde 8, kisha 6, na hatimaye 4. Shindano la mita 50, ambalo wapenzi wengi wa mchezo huu walilienzi kuliko yote, liliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Hata hivyo mlango unaowafaa zaidi wanaoanza ni bastola ya hewa ya mita 10, iliyoingizwa katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Bastola hiyo haitumii baruti: hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi mdogo ulio chini ya mtutu ndiyo inayosukuma kipande cha madini ya risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5, na kwa kuwa mlio wake ni mdogo na haurushi mkono kwa nguvu, mazoezi yanaweza kufanyika ndani ya ukumbi wa kawaida uliowekewa kinga nyuma ya shabaha.

Wepesi huo usimdanganye mtu. Duara la katikati ya shabaha, ambalo humpa mlengaji alama 10, lina kipenyo cha milimita 11.5 tu, yaani ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima, na sehemu yote nyeusi inayoonekana kwa macho kutoka mita 10 haizidi milimita 59.5. Bastola hushikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, kifundo cha mkono hakiruhusiwi kufungwa wala kuegemezwa popote, na viatu havitakiwi kufunika vifundo vya miguu, ili mwili usipate msaada wowote kutoka nje. Kabla ya mashindano waamuzi huipima silaha: uzito wake usizidi gramu 1,500, na kifyatulio, yaani kile kipande kinachovutwa kwa kidole cha shahada, kiwe na ugumu wa kuinua uzito wa gramu 500 bila kufyatuka.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mlengaji mzuri haitazami shabaha. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili, cha nyuma chenye mwanya wa mraba na cha mbele kilicho kama nguzo fupi, na kazi ya jicho ni kuiona nguzo hiyo ikiwa katikati kabisa ya mwanya, kichwa chake kikiwa sawasawa na kingo za pande zote mbili, huku shabaha ikiachwa ionekane kama wingu jeusi lililofifia kwa mbali. Sababu yake ni ya hesabu. Ikiwa mkono mzima umesogea milimita 1 kulia bila vilengeo kupotoka, risasi nayo itasogea milimita 1, na huenda alama 10 ikabaki pale pale. Lakini ikiwa kilengeo cha mbele kimepotoka milimita 1 kutoka katikati ya mwanya, na vilengeo hivyo vimetengana kwa sentimita 30 hivi, kosa hilo litakuwa limefikia milimita 33 litakapowasili kwenye shabaha, na alama 10 itageuka kuwa 6. Mkono wa kila mtu hutikisika, hata wa bingwa, na kwa hiyo walimu humfundisha mwanafunzi auvumilie mtikisiko huo badala ya kupigana nao, mradi vilengeo vibaki vimepangika.

Baada ya jicho ni kidole. Anayekivuta kifyatulio kwa ghafla pindi anapoona picha nzuri huivuruga picha hiyo hiyo, na ndiyo maana mafundisho yote husisitiza mvuto wa polepole unaoongezeka bila kukatika, kiasi kwamba mlio wenyewe humjia mlengaji kabla hajautarajia. Akiona sekunde zinapita na macho yanachoka, huushusha mkono, hupumua, na huanza upya, uamuzi ambao ni mgumu kuliko unavyosikika. Pumzi nayo hutolewa nusu na kuzuiwa kwa muda mfupi tu, kwa kuwa kifua kinachopanda huinua bastola. Hata mapigo ya moyo yana athari, na kwa sababu hiyo dawa aina ya beta-bloka, zinazopunguza kasi ya moyo na kutuliza mikono, zimepigwa marufuku katika mchezo huu: Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 baada ya kukutwa na dawa ya namna hiyo mwilini.

Usalama ndio unaostahili kufundishwa kabla ya yote. Mtutu huelekezwa kwenye shabaha wakati wote, kidole hakigusi kifyatulio mpaka bastola iwe imekwisha kuelekezwa huko, na silaha isiyotumika hupitishiwa uzi wa rangi kali ndani ya mtutu, ili yeyote anayeitazama aone kwamba haina kitu. Kupakia, kuanza na kuacha hufanywa kwa amri ya msimamizi wa uwanja, na amri ya kuacha ikitolewa, hata aliyekwisha kukivuta kifyatulio nusu hana budi kushusha mkono. Mshindani anayekaidi anaweza kufukuzwa, bila kujali alama alizokusanya.

Siku ya mashindano kila mmoja hupewa dakika 15 za kujiandaa na kufyatua risasi za majaribio, kisha risasi 60 zinazohesabiwa ndani ya dakika 75, wanaume na wanawake sawa tangu mwaka 2018. Alama za juu kabisa ni 600, na ugumu wake unaonekana katika rekodi: mwaka 1989 Sergei Pyzhianov wa Umoja wa Kisovieti alipata 593, na ilichukua miaka 20 mpaka Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipoongeza alama 1 tu.

Mchezo huu hauwabagui wenye umri mkubwa wala wenye kasoro ya mwili. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, aliumizwa mkono wake wa kulengea na bomu la kutupa kwa mkono mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, na akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya shindano la kasi huko London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Nino Salukvadze wa Georgia alishindana katika Olimpiki 10, kuanzia Seoul 1988 hadi Paris 2024, na mwaka 2016 alishindana pamoja na mwanawe. Yusuf Dikeç wa Uturuki, ambaye mwaka 2024 alipata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika shindano la timu mchanganyiko, alikuwa amepita umri wa miaka 50.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayevutiwa na mchezo huu asinunue chochote kabla ya kuuliza sheria. Tanzania inaongozwa na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na Kenya na sheria yake ya silaha, Sura ya 114, na mtu asidhani kwamba bastola ya hewa haihitaji kibali kwa kuwa haina baruti. Aende kwanza polisi aulize, kisha atafute klabu iliyosajiliwa yenye mwalimu na silaha zake, na miezi ya mwanzo ajifunze kwa bastola ya klabu.