Neno na Mwenziwe: Kueleza Tabia za Watu kwa Kiingereza Katika Skuli za Pemba

Mwanafunzi wa sekondari wa Wete akitakiwa kumweleza jirani yake kwa Kiswahili hapati tabu. Atasema jirani huyo ana roho mbaya, au ana mkono wa birika, au ni mwepesi wa hasira, na kila anayemsikiliza atakuwa ameshamfahamu mtu mwenyewe. Akitakiwa kueleza yale yale kwa Kiingereza, hufungua kamusi, akatafuta neno moja moja, kisha akayapanga. Kwenye "roho" hukuta "spirit", kwenye "mbaya" hukuta "evil", naye huandika kwamba jirani yake "has an evil spirit". Sarufi haina kosa, na kila neno lina ushahidi wa kamusi. Hata hivyo, Mwingereza atakayeisoma sentensi hiyo atafahamu kwamba jirani amepagawa na pepo. Katika kisiwa ambacho sifa za waganga wake zimevuka bahari, hilo si jambo dogo la kumwandikia mtu. Mwanafunzi akibadilisha "roho" kwa "moyo" na kuandika "a bad heart", jirani atakuwa mgonjwa wa moyo.

Kosa la aina hii halitokani na uchache wa msamiati. Linatokana na kutojua uandamani wa maneno, yaani mazoea ya neno kuchagua mwenziwe na kumkataa mwengine, hata kama maana zao zinakaribiana. Jambo hili lilianza kushughulikiwa kwa mpango na walimu wa Kiingereza waliokuwa wakifundisha mbali na Uingereza. Harold Palmer alitoa ripoti yake juu ya uandamani huo mjini Tokyo mwaka 1933, na A. S. Hornby akaendeleza kazi hiyo katika kamusi ya wanafunzi iliyotoka huko huko Japani mwaka 1942. Nadharia yake ilitiwa nguvu na J. R. Firth wa Chuo Kikuu cha London, aliyeshikilia kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno linayofuatana nayo. Inafaa kuzingatiwa kwamba waliotangulia kuliona tatizo ni walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari ya wageni. Mzawa wa lugha halioni, kwa sababu yumo ndani yake.

Kwa sababu hiyo, njia iliyo nyepesi ya kumfahamisha mwanafunzi wa Pemba ni kumwonesha kwanza uandamani wa lugha yake mwenyewe. Tuchukue kivumishi "-kali". Kiswahili kinasema kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, siki kali, homa kali na mwalimu mkali. Kiingereza hakina neno moja litakaloyabeba yote hayo. Kisu ni "sharp", jua ni "hot", mbwa ni "fierce", siki ni "sour", homa ni "high", na mwalimu ni "strict". Mwanafunzi anayeandika "my teacher is sharp" akikusudia ukali amemsifu mwalimu wake kwa wepesi wa akili bila ya kujua.

Maneno ya kutilia nguvu yanalidhihirisha jambo hili zaidi. Mtu huwa maskini wa kutupwa au mlevi wa kutupwa. Mwadilifu huwa wa kupigiwa mfano. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema fulani ni mwadilifu wa kutupwa, darasa zima litacheka, ingawa hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa. Mwanafunzi akishacheka, ameshafahamu somo. Hapo ndipo anapoweza kuambiwa kwamba Kiingereza nacho kina mambo yake ya ajabu: mkweli asiyeficha kitu huitwa "brutally honest", kana kwamba ukweli wake ni ukatili, mwenye haya nyingi ni "painfully shy", kana kwamba haya zinamuuma, na mlevi ni "heavy drinker", lakini mlaji sana ni "big eater", wala hakuna sababu ya kutosha ya kueleza kwa nini uzito uende kwa kinywaji na ukubwa kwa chakula.

Tofauti ya lugha hizi mbili inaingia ndani zaidi zinapozungumzia hisia. Katika Kiswahili hisia aghalabu ni kitu kinachomjia mtu kutoka nje: hushikwa na hasira, hupandwa na mori, huingiwa na hofu. Nyengine huonwa, kama vile kuona haya, kuona wivu na kuona uchungu. Nyengine hutendwa: mtu hufanya kiburi, hufanya jeuri. Kwa hiyo uchaguzi wa kitenzi wenyewe umebeba hukumu. Hasira humshika mtu na pengine akasamehewa. Kiburi anakifanya mwenyewe.

Kiingereza kinaligawa jambo hilo kwa namna nyengine, na mfano wake mzuri ni neno "temper". Mwanafunzi aliyehifadhi kwamba neno hili maana yake ni hasira hufahamu vyema anaposoma kwamba fulani "has a temper". Lakini akisoma kwamba fulani "lost his temper", hudhani hasira zimemwisha, na kumbe ndipo zilipopanda. Anayesifiwa kwa "keeping his temper" naye humdhania kuwa mtu wa kuweka kinyongo, hali ya kuwa ni mstahamilivu. Neno ni lile lile: likifuatana na kitenzi cha kuwa na kitu, ni hasira; likifuatana na kupoteza au kuhifadhi, ni utulivu. Orodha ya msamiati yenye neno upande mmoja na tafsiri upande wa pili haiwezi kulifundisha jambo hili, na orodha za namna hiyo ndizo zilizojaa madaftari ya skuli zetu. Kamusi ya uandamani iliyotolewa na Oxford mwaka 2002 kwa ajili ya wanafunzi inafuata njia iliyo bora: humpeleka msomaji kwenye nomino, kisha humwonesha vitenzi na vivumishi vinavyokaa nayo.

Kuna sababu nyengine inayowanyima wanafunzi wa Pemba mazoezi. Katika sehemu kadhaa za kisiwa mtoto husema "nkono" nyumbani, huandika "mkono" skuli, kisha hukutana na Kiingereza akiwa tayari anamiliki namna mbili za kusema. Kiingereza hicho nacho ni cha vitabu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Yanayosomwa kwa lugha hiyo ni mwanga, mimea na sehemu. Tabia za watu hubaki kusemwa kwa Kiswahili, barazani na mikarafuuni. Mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha 4 akijua kueleza usanisinuru kwa Kiingereza, lakini asijue kumweleza mjomba wake.

Hasara yake huonekana siku ya kuandika barua ya kumshuhudia mtu. Mwalimu wa Chake Chake anayempendekeza mwanafunzi wake kwa nafasi ya masomo nchi za nje atataka kusema kwamba kijana huyu ni mpole, ana haya, ni msikivu, na hana makuu. Kwa Kiswahili hakuna sifa zilizo juu ya hizi. Zikitafsiriwa neno kwa neno huwa "slow", "shy", "obedient" na "simple", na anayesoma barua upande wa pili humwona kijana mzito wa akili, asiyejiamini, anayengojea kuamrishwa. "Mpole" alistahiki kuwa "gentle". "Asiye na makuu" alistahiki kuwa "unassuming". Kwa upande wa pili, msomaji huyo anamtafuta kijana aliye "highly ambitious", na mwalimu akilitafakari neno hilo kwa Kiswahili hukuta mtaka makuu au mwenye tamaa, sifa ambazo hawezi kumwandikia mwanafunzi anayempenda.

"Haya" ndiyo yenye mashaka zaidi, kwa sababu Kiingereza kimeigawa sehemu mbili: "shyness", ambayo ni udhaifu, na "modesty", ambayo ni adabu. Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenga, na ushahidi ni kwamba kinyume chake, macho makavu, ni tusi. Mwalimu atakayeandika "modest" atakuwa karibu zaidi na kusudio lake. Lakini pale ambapo hana hakika na neno, linalofaa ni kuiacha sifa na kuandika kitendo: kwamba kijana huyu hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu sawa, kwamba wenzake humwendea jioni awaeleze hesabu walizoshindwa, naye hukaa nao mpaka wafahamu.