Kariakoo: asili ya jina na lugha ya mtaa

Kariakoo ni jina la mtaa na soko kuu jijini Dar es Salaam. Limetoholewa kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi.

Lugha ya mtaani nayo ina asili nyingi. Mama amwambiapo mwanawe, “Chapati ipo mezani, kula uende shuleni,” *chapati* ni neno lenye asili ya Kihindi, *meza* Kireno, *shule* Kijerumani. Kiambishi *-ni* cha mahali ni cha Kibantu.

Maneno hayo hayaitwi tena mageni. Naye asemaye “naenda Kariakoo” huwataja wapagazi wale, hata asipojua.