Upele Usiowasha: Tahadhari kwa Mgonjwa Mwenye Kinga Dhaifu



Upele tunaujua kwa kuwasha, hasa usiku. Husababishwa na utitiri mdogo sana unaochimba ngozini na kutaga mayai. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa na utitiri 10 hadi 15 tu, kwani kinga ya mwili huuzuia usizaliane ovyo.

Lakini kinga ikidhoofika, kwa VVU visivyotibiwa, saratani au dawa za steroidi, utitiri huzaliana kwa maelfu, hata mamilioni. Ngozi hufanya magamba mazito mikononi, miguuni, hata kichwani. Ajabu ni kwamba mgonjwa huyu huenda asiwashwe kabisa. Ndiyo maana hudhaniwa ana ukoma au ukurutu. Hata madaktari Danielssen na Boeck wa Norway, walioueleza ugonjwa huu mwaka 1848, waliukuta kwa wagonjwa wa ukoma.

Tusiudharau. Ngozi ikipasuka, bakteria hupenya hadi kwenye damu, na mgonjwa anaweza kufa.

Tiba ipo, ila dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Hospitalini hupewa vidonge vya ivermektini kwa kipimo cha uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, siku ya 1, 2, 8, 9 na 15. Hali ikiwa mbaya huongezwa siku ya 22 na 29. Hupakwa pia permethrini ya asilimia 5 mwili mzima, kichwa kikiwemo, na dawa ya kulainisha magamba. Wajawazito na watoto chini ya kilo 15 kwa kawaida hawapewi vidonge hivi. Basi tusijinunulie dawa wenyewe, wala tusipake mafuta ya steroidi, kwani huzidisha ugonjwa.

Nyumba nzima itibiwe siku moja, hata asiyewashwa, kwa sababu muwasho waweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Nguo, kofia na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana. Yasiyofulika yafungwe katika mfuko kwa siku 7.

Mwisho, tusimtenge mgonjwa wala kumcheka. Kumzuru mgonjwa ni haki yake kwetu. Asiposhikwa mkono leo kwa tahadhari, aulizwe hali na asindikizwe hospitali. Mola awaponye wagonjwa wetu. Amin.