Breki za pikipiki zikilia, uliza zinalia lini

Jioni hapa Kenton Road hazikosekani pikipiki ndogo za cc 125, na baadhi ya wanaozipanda ni wanetu. Sheria ya Uingereza inamruhusu kijana wa miaka 17 kuingia barabarani nayo, akiwa na leseni ya kujifunzia na cheti cha mafunzo ya msingi. Lakini mafunzo hayo hayamfanyi mtu fundi. Kwa hivo mwanao akikupigia simu huko Maskati au Dubai akasema, "Baba, breki ya nyuma inalia," usimwambie apunguze mwendo tu. Muulize inalia lini.

Pikipiki nyingi za aina hii, kama Yamaha YBR125, zina diski mbele na dramu nyuma. Boxer za bodaboda kule kwetu, nyingi zina dramu mbele na nyuma. Ndani ya dramu mna breki shuu mbili. Ukikanyaga pedeli, fimbo inavuta mkono, na mkono unageuza kijichuma kinachozitanua shuu zikaminya dramu. Basi, hakuna siri nyingine.

Ikilia asubuhi tu, baada ya mvua, kisha ikanyamaza ukishaikanyaga mara mbili tatu, hiyo ni kutu nyepesi ya usiku. Isikutie hofu.

Ikipiga mluzi kila unapofunga breki, mara nyingi ni vumbi limejaa ndani, au shuu zimekuwa ngumu na kung'aa kama kioo. Huko Ghuba mchanga hufanya kazi hiyo hiyo.

Ikikwaruza, chuma kwa chuma, hapo ndo simama. Shuu zimekwisha, na chuma chake kinaila dramu. Pikipiki isiendeshwe hata mpaka dukani, isukumwe.

Ikilia hata bila ya kukanyaga, inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, breki imekazwa mno au kile kijichuma kimekwama. Likichezacheza ubavuni, angalia beringi.

Kabla ya kufungua, kanyaga breki mpaka mwisho utazame mshale kwenye ule mkono. Ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha. Pikipiki isiyo na mshale, fungua upime: tabaka likibaki milimita 2, badilisha zote mbili pamoja. Vumbi usilipulize kwa mdomo. Kwenye pikipiki za zamani laweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kibichi. Shuu zinazong'aa zipitishe msasa kidogo, lakini zilizoingia mafuta au grisi ni za kutupa, hazisafishiki. Grisi ni ya kile kijichuma peke yake, nayo chembe tu.

Kwenye kurudisha, kanyaga breki huku nati ya ekseli inakazwa, ili shuu zikae katikati. Pedeli iwe na nafasi ya sentimita 2 mpaka 3, na gurudumu lizunguke bila ya kukwama.

Pikipiki hapa hukaguliwa kisheria kila mwaka ikishatimiza miaka 3, lakini shuu hazingoji mwaka. Asiyejiamini ampelekee fundi. Bei ya shuu ni ndogo, na barabara hii ina mabasi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie wanetu, na sisi tuwafundishe kusikiliza.