Kwa Nini Kamusi ya Mtandaoni Huchelewa Kujibu

Mwanafunzi akiandika neno "walipokuja" katika kamusi ya mtandaoni na kusubiri sekunde 5, lawama ya kwanza huenda kwa mtandao. Ya pili huenda kwa seva, na hapo idara huanza kuomba fedha za kununua kubwa zaidi. Lakini mara nyingi tatizo limo ndani ya programu yenyewe. Si jambo la wahandisi peke yao, kwa kuwa walimu wa Kiswahili ndio huulizwa nini kipunguzwe ili kamusi iende kasi.

Kwanza tutenganishe mtandao na programu. Vivinjari kama Firefox na Chrome vina zana za watengenezaji, ambazo katika kompyuta nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza F12. Zana hizo huonyesha muda wa kusubiri seva ianze kujibu, na muda wa kupakua jibu lenyewe. Ikiwa kusubiri ni sekunde 4.5 na kupakua ni nusu sekunde, mtandao hauna kosa kubwa.

Basi kosa liko wapi? Mwalimu wa isimu atashuku uchanganuzi wa neno. Programu hulivua "walipokuja" viambishi wa-, -li-, -po- na -ku- mpaka ifikie mzizi -j-. Kazi hiyo huwatoa jasho wanafunzi, nasi tunadhani huitoa jasho kompyuta pia. Kumbe kwake ni kulinganisha herufi chache tu. Mwaka 1971 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha uchunguzi wa programu za FORTRAN, akaonyesha kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 4 ya programu hutumia zaidi ya nusu ya muda wote. Kuipata sehemu hiyo ndogo kwa kukisia ni bahati nasibu. Watengenezaji hutumia profaila, yaani programu ya kupimia, ambayo hurekodi kila sehemu imeitwa mara ngapi na imetumia muda gani.

Tarakimu hizo mbili zisomwe pamoja. Tuseme uchanganuzi umeitwa mara 1, ukatumia milisekunde 40. Kuleta sentensi za mfano kumeitwa mara 300, kila mara milisekunde 14: jumla ni 4,200. Programu imeleta orodha ya maneno yanayohusiana, kisha kwa kila neno imerudi tena kuiuliza hifadhidata. Ni sawa na mtoto anayetumwa dukani kuleta chumvi, akirudi atumwe sabuni, akirudi atumwe kibiriti. Kila safari ni fupi, ndiyo maana hakuna anayeishuku. Dawa ni kuuliza yote kwa ombi moja.

Sasa tufikirie mtengenezaji aliyekisia badala ya kupima. Ameondoa uchanganuzi wa viambishi, ameokoa milisekunde 40 kati ya 4,500, na kuanzia hapo mwanafunzi wa Kampala au Kigali anatakiwa aujue mzizi kabla ya kulitafuta neno. Kamusi imebaki nzito vilevile, na imepoteza kile hasa kilichoifanya ifae kufundishia Kiswahili.

Hata hizo milisekunde 14 zinafaa kuchunguzwa. Hifadhidata isiyo na faharasa husoma safu zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kama msomaji anayetafuta mada katika kitabu kisicho na faharasa. MySQL na PostgreSQL zina amri ya EXPLAIN inayoonyesha kama faharasa inatumika.

Upimaji ufanywe kwa data halisi. Aliyejaribu kamusi yenye maneno 50 hataona kasoro yoyote. Yenye maneno 30,000 itamuumbua. Apime mara kadhaa, maana ombi la kwanza mara nyingi huwa zito kuliko yanayofuata, na profaila yenyewe hula muda kidogo. Baada ya kurekebisha apime tena, kwa sababu sehemu iliyokuwa ya pili kwa uzito sasa ndiyo ya kwanza.