Kuandika na Kufafanua Mchezo wa Bao

Watu wawili wachezapo bao chini ya mti, mjini Singida au penginepo, watazamaji hubishana juu ya kila hatua. Mchezo ukiisha kete hukusanywa, na ubishi ule, ambao aghalabu huwa na elimu kuliko mchezo wenyewe, hupotea.

Katika mchezo wa Go wa Asia ya Mashariki mambo ni tofauti. Kila jiwe liwekwalo katika mashindano ya mabingwa huandikwa kwa namba, kisha mtaalamu hueleza sababu zake. Mwezi Machi 2016, programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini katika michezo 4 kati ya 5. Katika mchezo wa pili, jiwe la 37 liliwashangaza hata wafafanuzi. Baadhi yao walidhani ni kosa. Kwa kuwa liliandikwa, limechunguzwa tena na tena tangu hapo.

Bao laweza kuandikwa vivyo hivyo. Mtafiti Alexander de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 uchunguzi wake juu ya mabingwa wa Zanzibar, alitumia maandishi ya namna hiyo. Mwanafunzi wa Singida hahitaji zaidi ya mashimo 32 mchangani, kokoto 64 za itale, na daftari.

Tuchukue Bao la Kiswahili. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo 8. Tuite safu ya mbele M na ya nyuma N, tukihesabu kutoka kushoto kwake. Mwanzoni huweka kete 6 katika nyumba, yaani M5, kete 2 katika M6, na 2 katika M7. Kete 22 hubaki mkononi. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, nyumba ya mpinzani inakabili M4 yetu, ambayo ni tupu. Hakuna shimo lenye kete linalokabili jingine lenye kete. Kwa hiyo anayeanza hawezi kula, hana budi kutakasa.

Tuseme anaongeza kete M7 na kuzipanda zote tatu kuelekea kushoto. M6 inakuwa na 3, nyumba 7, na kete ya mwisho inalala M4. Mtazamaji asiye mzoefu atashangilia, maana kete hiyo inaitishia nyumba ya mpinzani. Lakini zamu ni ya mpinzani, na kula ni lazima: anaongeza kete katika nyumba yake, anaila ile iliyo M4, na kuipanda katika shimo la pembeni, ambalo ni tupu. Tishio limekwisha, nyumba yake imefikia kete 7, nasi hatuna cha kula. Kupoteza kete moja si maafa. Kwa maoni yangu, kosa ni kumkaribia adui kabla ya zamu yake bila kupata kitu.

Sasa jaribu M6 kuelekea kulia. Kete zinaangukia M7, M8, kisha N8. Mpinzani hana cha kula, naye atalazimika kutakasa. Andika hatua hiyo daftarini, kisha mtake mwenzako aeleze kwa maandishi jibu ambalo angelitoa, na kwa nini.