Gereza la Kilwa Kisiwani

Msafiri atokaye Kilwa Masoko kwa mashua, akivuka kwenda Kisiwani, huona karibu na maji jengo kubwa la mawe. Jina lake ni Gereza. Tusikiapo neno hilo twafikiri wafungwa. Lakini hili ni ngome, na ujenzi wake wadhihirisha hivyo.

Wareno walijenga ngome mahali hapa mwaka 1505, Francisco de Almeida alipouteka mji, nao wakaiacha mwaka 1512. Jengo lionekanalo leo lilijengwa na Waarabu wa Oman, karibu na mwaka 1800, juu ya magofu ya ile ya kwanza.

Ngome hii ina pembe nne na minara miwili tu. Mbona si minne? Hesabu yake ni nyepesi. Mnara hutokeza nje ya kuta, hata mlinzi aliyemo huziona kuta mbili zikutanazo penye pembe ile, kila moja kwa urefu wake. Mnara wa pili umewekwa katika pembe iliyo mshazari na ya kwanza, nao hulinda kuta mbili zilizosalia. Basi adui akijibanza chini ya ukuta wowote, ameonekana. Kama minara ingalijengwa katika pembe jirani, ukuta mmoja ungalilindwa mara mbili, na mwingine ungalikosa mlinzi.

Mawe yake ni matumbawe, yameshikwa kwa chokaa, nayo chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haivuki nafasi pana, vyumba vilikuwa vyembamba. Fundi wa nyumba za mawe, wa Lindi hata Lamu, aijua shida hiyo.

Lakini mharibifu mkubwa wa ngome hii ni bahari yenyewe. Mawimbi yamekula ufuko, na sehemu ya ukuta wa upande wa maji imeanguka, maana ukuta mzito hausimami mchanga ukichukuliwa chini yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahesabiwa kuwa hatarini, na baada ya matengenezo mengi yakaondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014. Mojawapo ya kazi hizo ilikuwa kupanda mikoko ufukoni, mizizi ishike mchanga: mti ule ule uliokatwa zamani kwa boriti.

Ukifika huko, anza upande wa bahari. Pale ukuta ulipovunjika utaona unene wake, na jinsi mafundi walivyoyapanga mawe ndani.